Eti ardhi "imelala bure": dhana potofu na ukweli, kuanzia Kilimanjaro mpaka Usukumani

Dhana: Wachaga ndo wanajua kutumia ardhi, Dodoma na Shinyanga wanaiharibu tu.

Ukweli: anza na mvua bwana. Dodoma hata milimita 600 kwa mwaka haifiki, wakati mteremko wa kusini wa Kilimanjaro unapita 1,000 bila shida na udongo wake ni wa volkano. Ni kweli kihamba, yani shamba la nyumbani la Mchaga, ni kitu cha akili sana, juu miti mirefu, chini yake migomba, kisha kahawa, chini kabisa magimbi, na ng'ombe yuko bandani analetewa majani halafu samadi inarudi kwenye migomba. Ila wanaokisifia wanasahau kwamba mahindi na sehemu ya majani ya huyo ng'ombe vinapandishwa kutoka mashamba ya tambarare, kwahiyo ukihesabu ekari ya kihamba peke yake unajidanganya.

Dhana: pori ni hasara, leta matrekta.

Ukweli: yalishaletwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, wakipiga hesabu ya ekari zaidi ya milioni 3. Kumbe mvua ya Kongwa haiaminiki, na ule udongo wa mfinyanzi ukikauka unakuwa kama saruji, karanga zimo chini huzing'oi. Mwaka 1951 wakaachia ngazi, pauni zaidi ya milioni 35 zimeyeyuka, na karanga walizovuna hazikufikia hata mbegu walizonunua! Wagogo walikuwa wanachunga ng'ombe maeneo hayohayo, na leo Kongwa kuna nini? Ranchi ya taifa ya ng'ombe.

Dhana: mifugo ndo inaleta jangwa.

Ukweli: inategemea wapi na inachungwaje. Wasukuma wana ngitili, yani kipande cha malisho kinafungwa wakati wa mvua kinafunguliwa kiangazi, kule kwingine majani yakishaisha. Mtu wa kupita akiona ngitili imefungwa anasema hiyo ardhi imelala, kumbe ndo akiba ya ng'ombe, na humohumo zinatoka kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea. Shinyanga ilibaki kipara kwasababu mkoloni alifyeka miti kuua mbung'o, pamba ikaongezeka, halafu watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 70 kukavuruga ngitili za watu. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 wakarudi kwenye utaratibu wa wazee, na hawakutegemea sana kupanda miche, visiki vyenyewe vilichipua vilipoachwa vipumue. Miaka ya 2000 mwanzoni hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerudi.

Sasa msije mkasema natetea kila mfugaji. Kondoa makorongo yalikuwa yanatisha mpaka serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika, 1979, na majani yakarudi kweli. Ng'ombe waliporuhusiwa tena ilikuwa kwa masharti ya kulishwa bandani, kazi ya kukata majani na kubeba maji ikaangukia familia, wakinamama hasa, na hiyo kazi kwenye hesabu za gunia ngapi kwa ekari haihesabiwi.