Uvimbe mdogo wa kongosho unaoangusha watu asubuhi, na sindano inayouchoma

Mchuma chai wa Rungwe akianguka shambani asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, akalowa jasho na kuongea yasiyoeleweka, kisha akazinduka baada ya kunyweshwa chai ya sukari, mara nyingi huambiwa ana kifafa. Au ndugu watasema amepandisha. Mimi ni daktari bingwa wa mfumo wa chakula hapa Mbeya, na ombi langu kwa zahanati zote za Nyanda za Juu Kusini ni hili: mgonjwa wa namna hiyo akiletwa, mtoboeni kidole mpime sukari kabla ya jambo lingine lolote. Sukari haiwashukii wenye kisukari peke yao.

Dalili zikiwepo, sukari ikiwa chini ya 3.0 mmol/L kwa mtu asiyetumia dawa za kisukari, na nafuu ikaja alipopewa sukari, hayo matatu yana uzito. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Whipple, aliyaweka pamoja miaka ya 1930 na bado tunayategemea. Sababu zipo nyingi: pombe bila chakula, malaria kali, ini lililochoka. Lakini hali ikijirudia kwa mtu ambaye siku nyingine ni mzima kabisa, mimi huanza kufikiria insulinoma.

Huu ni uvimbe wa zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Unaendelea kuimwaga hata mtu akiwa na njaa. Ni nadra, mtu 1 hadi 4 kwa kila milioni kwa mwaka, na takriban 9 kati ya 10 si saratani. Kuuthibitisha, mgonjwa hulazwa akafungishwa kula chini ya uangalizi, hadi saa 72, na sukari ikishuka tunapima insulini na C-peptidi, kipande kinachotolewa pamoja na insulini mwili unapoitengeneza wenyewe.

Kuuona ndiyo kazi. Mwingi haufiki sentimita 2, wakati mwingine ni kama punje ya harage, na kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula. Ultrasaundi ya kawaida huzuiwa na gesi. Kwa hiyo tunapitisha mdomoni mpira wa endoskopi wenye ultrasaundi kwenye ncha yake; ukiwa ndani ya tumbo, kongosho liko milimita chache tu ng'ambo ya ukuta.

Kutoka hapohapo uvimbe unaweza kutibiwa. Sindano inayopita ndani ya mpira huo hupenya ukuta wa tumbo la chakula mpaka katikati ya uvimbe, na ncha yake hupitisha umeme wa masafa ya redio unaozalisha joto na kuua seli. Maji baridi huzunguka ndani ya sindano ili nyama isigande kwenye ncha. Kila mchomo ni wa sekunde chache; kwenye skrini tunaona viputo vyeupe vikitanda, tunaacha, tunahamia sehemu iliyobaki. Kabla ya hapo mgonjwa huwekewa indomethasini kwa njia ya haja kubwa, kupunguza uwezekano wa kongosho kuvimba. Uvimbe ukigusa mrija mkuu wa kongosho, mimi husita sana: mrija ukiungua, shida yake ni ndefu.

Utafiti wa mwaka 2023 ulilinganisha wagonjwa 89 waliochomwa na 89 waliopasuliwa. Madhara yalitokea kwa asilimia 18 ya waliochomwa na karibu 62 ya waliopasuliwa. Upasuaji ulifanikiwa kwa wote, sindano kwa asilimia 95.5, na baadhi ya waliochomwa uvimbe ulirudi. Mgonjwa aambiwe yote mawili. Saratani ya kawaida ya kongosho ni habari nyingine. Sindano hii haichukui nafasi ya upasuaji wala dawa zake.

Kwa wenzangu mnaoandika rufaa: andikeni sukari ilikuwa ngapi, saa ngapi, alikula lini mara ya mwisho, na dawa zote anazotumia. Msicheleweshe kumpa sukari, ila damu ya vipimo ichukuliwe kabla ikiwezekana. Na njiani, iwe anakuja Mbeya au anapelekwa Dar es Salaam, asisafiri na njaa. Awe na glukosi mkononi na mtu wa kumwangalia usiku.