Muziki na ukuaji wa mtoto: maswali ya wazazi

Swali: Nina mimba ya miezi 7. Nimeshauriwa nimwekee mtoto muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, ili azaliwe na akili. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Imani hiyo ilianzia kwenye utafiti wa mwaka 1993 uliochapishwa katika jarida la kisayansi la Nature. Waliosikilizishwa Mozart na kupimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu 36, mtoto hata mmoja hakuwamo, na nafuu waliyoipata kwenye mtihani wa maumbo ilidumu dakika 10 hadi 15 tu. Mwanao anasikia sasa, na sauti anayoizoea kuliko zote ni yako. Mwimbie.

Swali: Kwa hiyo muziki haumsaidii mtoto?

Jibu: Unamsaidia sana, ila faida iko katika kuimba na kupiga mwenyewe. Mtoto anayejifunza muziki hunoa sikio, na sikio hilohilo ndilo litakalompambanulia "pata" na "bata", "fua" na "vua", atakapoanza kusoma. Watoto wanaoweza kufuata mapigo ya ngoma bila kupotea mara nyingi ndio wanaosoma kwa wepesi.

Kuna na hili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Katika wimbo wa kupokezana, mtoto hungoja mwimbishaji amalize ndipo aitikie. Hapo anajizuia, anasikiliza wenzake, anakumbuka zamu yake. Nchini Ujerumani, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto wa miaka 4 waliotoka kuimba na kucheza ngoma pamoja walisaidiana zaidi ya wale waliocheza bila muziki. Ukimpeleka kujifunza muziki kwa ajili ya alama za hesabu tu, huenda ukavunjika moyo.

Swali: Sina pesa ya kinanda.

Jibu: Hakihitajiki. Mwimbie ukimwogesha, mwache apige debe, chezeni michezo ya makofi. Akikua, kuna kwaya ya kanisani, kuna kasida na dufu za madrasa. Walio Unguja wana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachofundisha udi na ganuni (ala za nyuzi za taarab) na ngoma tangu 2002.

Swali: Kuna hatari yoyote?

Jibu: Sauti kubwa. Usimweke mtoto karibu na spika za harusi, na hedifoni zisizidi nusu ya sauti. Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti yako ukimwimbia, mpeleke kituo cha afya akapimwe masikio. Usingoje achelewe kusema.