Usizibe Matundu ya Juu ya Banda la Kuku

Baridi ikianza, mfugaji huchukua magunia na nailoni akaziba kila upenyo wa banda. Wiki chache baadaye anakuja kuomba dawa ya mafua: kuku wanatoa machozi na usiku wanakoroma. Kabla ya dawa, tunamwambia akafungue banda.

Kuku mzima mwenye manyoya mazuri huvumilia baridi ya kawaida. Kinachomshinda ni unyevu na amonia. Takriban robo tatu ya kinyesi chake ni maji, na pumzi yake huongeza mvuke usiku kucha. Maranda yakilowa, bakteria huvunja asidi ya yuriki iliyomo kwenye kinyesi na amonia huzalishwa. Gesi hiyo huwasha macho na kuharibu vinyweleo vya koromeo vinavyozuia vumbi na vijidudu, na magonjwa ya njia ya hewa hupata pa kuingilia. Inashauriwa isizidi sehemu 25 katika milioni moja ya hewa. Kipimo cha kununua si lazima. Ingia alfajiri, uchuchumae pua iwe usawa wa kuku. Macho yakiwasha, imezidi. (Pua ya mwenye banda huzoea, kwa hiyo mwite na jirani.)

Hewa yenye joto na mvuke hupanda, basi itolee juu. Acha uwazi chini ya paa pande mbili zinazotazamana, juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye kichanja. Weka wavu mgumu wenye matundu ya sentimita 1 hivi, na paa lichomoze mvua isiingie. Uwazi huo haufungwi, hata usiku wa baridi. Upepo unaowapiga kuku moja kwa moja ndio wa kuzuia, kwa ukuta mzima upande wa chini. Ukitumia pazia la turubai, lishikize chini ulishushe kutoka juu. Wengi hufanya kinyume.

Wakati wa joto fungua zaidi. Kuku hatoi jasho, hujipoza kwa kuhema, na joto likipita nyuzi 30 anaanza kutaabika.

Vifaranga wanahitaji joto la taa au jiko, lakini wasifungiwe kabisa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoua vifaranga na hata mtu anayewahudumia.

Maranda nayo yakague kila wiki: yafumbate mkononi, ukiachia yakabaki donge, yaondoe uweke makavu.