Kwa Nini Simpangii Mtoto Mlezi wa Miezi Mitatu

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu msomi mwenye nia njema, kwamba ninawakatisha tamaa wanaotaka kujitolea. Mimi ni mratibu wa programu ya ulezi hapa Moshi; mlezi kwetu ni mtu mzima wa kujitolea anayekutana mara kwa mara na kijana mmoja, bila kuishi naye. Mtu huyo alikuwa amebakiza miezi mitatu Moshi kabla ya kuhamia mkoa mwingine kikazi, alitaka apangiwe kijana wa kumlea, nami nikamkatalia. Hoja yake ni ile ile ninayoisikia kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa ofisi zinazotafuta jambo jema la kufanya kabla mwaka wa fedha haujaisha, na kwa wageni wanaotaka kuwa na mtoto wao kwa wiki chache kabla ya kupanda mlima: kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na haba na haba hujaza kibaba. Katika vitabu vya maktaba na katika damu inayochangwa hospitalini, hoja hiyo ni kweli. Katika ulezi wa kijana mmoja na mtu mzima mmoja si kweli, na kwa kuwa nimechoka kuieleza kwa simu, naiandika.

Nianze na takwimu ambazo kila andiko la mradi linalopita mezani kwangu hunakili nusu yake. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa shirika la Big Brothers Big Sisters la Marekani, ambalo kazi yake ya kuwapangia watoto walezi wa kujitolea ilianza New York mwaka 1904. Vijana 959 wenye umri wa miaka 10 hadi 16 waligawanywa kwa bahati nasibu; kundi moja likapangiwa walezi, lingine likasubiri zamu kwa miezi 18. Waliopangiwa walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya na pungufu kwa asilimia 27 wa kuanza kunywa pombe, na walitoroka shule mara chache zaidi. Hapo ndipo waandishi wa miradi huishia. Mwaka 2002, watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walizirudia data hizo hizo na kuwagawa vijana kulingana na muda ambao uhusiano wao ulidumu. Faida kubwa ilikuwa kwa waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi, na ilipungua kadiri muda ulivyokuwa mfupi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka katika namna walivyojithamini na katika imani yao kwamba wanaweza masomo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kidogo hakidhuru anapaswa kwanza kunieleza kushuka huko kulitoka wapi.

Nadhani najua kulikotoka, kwa sababu huwa nakuona. Mtoto wa miaka kumi na moja wa Pasua au Njoro anayeletwa kwetu na ofisa ustawi wa jamii huwa tayari ana historia ya kuachwa. Baba alikwenda Mererani kutafuta Tanzanite na simu yake ikaacha kupatikana. Mjomba aliahidi kumsomesha, kisha akaoa na kupata wa kwake. Mwalimu aliyemzoea alipata uhamisho katikati ya muhula. Kila mmoja wao alikuwa na sababu, na nyingi zilikuwa za kweli, lakini mtoto hajui kibali cha ukaazi ni nini, wala mkataba wa ajira, wala gharama ya kupanga nyumba mji mwingine. Anachokijua ni kwamba watu wazima huja, humfurahia, kisha hawaonekani, na kwa umri wake jibu lililo karibu zaidi ni kwamba kasoro iko kwake. Anayekuja Aprili na kuondoka Juni anamthibitishia jambo ambalo alikuwa bado analitilia shaka.

Hapo wengi hunijibu kwamba watoto wa huku wamezoea watu wa kuja na kuondoka, na wanataja Desemba. Ni kweli kwamba kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya wanaorudi migombani kwa Krismasi, na kwa wiki mbili kila mtoto wa Kilimanjaro anapata shangazi wa kumuuliza amekuwa wa ngapi darasani na baba mdogo wa kumpa noti pamoja na nasaha. Hakuna anayeumizwa na hilo, kwa kuwa kila mtu, hata mtoto wa chekechea, anajua kwamba Mwaka Mpya ukipita magari yatageuka. Shangazi wa Desemba hakuahidi kuwapo Machi, na hata akiondoka anabaki kuwa shangazi. Mlezi aliyekaa mbele ya mama wa mtoto, akatambulishwa kwa jina na kupewa chai, ameahidi hata kama hakutamka neno.

Hata hivyo, jambo linaloniudhi kuliko yote ni namna walezi wapya wanavyousoma mwezi wa kwanza. Mtoto ni mpole, anaamkia vizuri, anaitika kila anachoambiwa, na mlezi ananipigia simu jioni kunieleza kwamba wameelewana mno. Hawajaelewana, mtoto ana adabu. Ninachokisubiri huanza mwezi wa tatu au wa nne, siku ambayo mtoto haji bila taarifa, na mlezi anakaa kwenye benchi saa nzima akitazama simu. Wiki inayofuata mtoto anasema alikuwa anaumwa, ingawa jirani alimwona kwenye mpira. Halafu anakuja na kununa, anajibu kwa mabega, au anaomba kitu ambacho anajua hatapewa. Simu ninayopigiwa wakati huo ina sauti nyingine kabisa: «Dada, huyu mtoto hana shukrani.» Huwa najibu kwamba sasa ndipo kazi inaanza, na sisemi hivyo ili kumfariji. Mtoto anapima kama mtu huyu ataondoka akikasirishwa, na njia pekee aliyo nayo ya kupima ni kumkasirisha. Mlezi anayerudi Jumamosi inayofuata, saa ile ile, bila hotuba na bila kinyongo, amefanya jambo kubwa kuliko ushauri wote aliotoa tangu siku ya kwanza. Sasa fikiria kwamba tiketi ya mlezi wa miezi mitatu imekatwa kwa wiki hiyo hiyo. Mtoto amepima, na jibu limekuja.

Kuhusu zawadi sitasema mengi: acheni. Viatu vya shule vinaweza kupita kwa mama au kwa ofisi, na mtoto asijue vimetoka wapi.

Kuhusu idadi ya mikutano, watu huhangaika bure. Miongoni mwa walezi bora niliowahi kuwaona ni waongozaji wa watalii na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, watu ambao msimu ukianza Juni hupotea mlimani wiki nzima, wakishuka leo na kupanda tena keshokutwa. Ungedhani hawafai. Lakini anayepanda kwa njia ya Machame anajua siku atakayotoka getini, anamtajia mtoto siku hiyo, na siku hiyo anapiga simu. Kijana anaweza kuvumilia siku nane za kutomwona mtu ambaye anajua anarudi lini. Asichoweza kukivumilia ni mtu anayeishi mtaa wa pili ambaye huja akijisikia.

Mzazi naye husahaulika, na huku nako ni kuharibu. Uchambuzi mwingine wa data zile za Marekani, wa mwaka 2000, ulionyesha kwamba sehemu ya maendeleo ya kijana shuleni ilipitia katika uhusiano wake na wazazi: mlezi aliusaidia uhusiano wa nyumbani, na nyumba ikamsaidia kijana. Mlezi anayemdharau mama kwa sababu mama anauza ndizi Mbuyuni na hajui kusaidia hisabati anaukata mkondo ambao faida yake mwenyewe ingepitia. Bibi akikwambia mtoto haendi popote Jumamosi hii kwa sababu kuna msiba, jibu ni pole na kuuliza kama unaweza kwenda kuhani.

Sasa nifike kwenye mashaka yangu, ambayo katika semina huwa hayatajwi kwa sababu mfadhili amekaa mstari wa mbele.

La kwanza ni la mantiki. Uhusiano unaokwenda vizuri hudumu, na unaokwenda vibaya hufa mapema. Ninaposema kwamba kudumu ndiko kunakomjenga kijana, huenda ninachokiona ni kwamba vijana waliokuwa na nafuu tangu mwanzo ndio waliodumu. Grossman na Rhodes waliijua hatari hiyo na walijaribu kuisahihisha kwa hesabu zao, lakini huwezi kumgawia mtoto kwa bahati nasibu mlezi atakayemkimbia baada ya wiki kumi, na kwa hiyo swali halifungiki kabisa.

La pili ni zito zaidi, na huninyima raha. Mwaka 1939, Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa Cambridge-Somerville wa kuzuia uhalifu wa vijana, ambao ulihusisha wavulana 506. Nusu yao walipata washauri waliowatembelea nyumbani, wastani wa mara mbili kwa mwezi, kwa takriban miaka mitano. Walifundishwa, walitibiwa, baadhi walipelekwa kambini. Mradi ulifungwa mwaka 1945. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wakiwa watu wazima, akachapisha matokeo mwaka 1978: waliosaidiwa hawakuwazidi wenzao ambao hawakusaidiwa, na katika mambo kadhaa, yakiwamo ulevi na kurudia uhalifu, walikuwa katika hali mbaya zaidi. Theluthi mbili yao walisema mradi uliwasaidia. Huo ni muda mrefu, ni moyo mwema, na ni shukrani za kweli kutoka kwa watu ambao takwimu zinasema hawakufaidika. McCord alidhani huenda vijana walizoeshwa kutegemea msaada wa nje na kutarajia makubwa, kisha msaada ukakatwa. Baadaye lawama kubwa iliangukia kambi za pamoja, ambako wavulana wenye matatizo walifundishana. Mimi nilichojifunza ni kutoamini barua za shukrani, zikiwamo zile zinazoandikwa kwangu, na kutokubali kamwe kwamba urefu wa muda peke yake unatosha.

La tatu ni kwamba matokeo, kwa wastani, ni madogo. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya tathmini 73 za programu za ulezi unaonyesha kwamba ukiwapanga vijana 100 kwa mstari, kuanzia anayefanya vibaya zaidi hadi anayefanya vizuri zaidi, kijana aliye katikati husogea kutoka nafasi ya 50 hadi karibu na ya 58. Kuna pia watoto wa kisiwa cha Kauai, Hawaii, 698, waliozaliwa mwaka 1955 na kufuatiliwa hadi utu uzima: theluthi moja hivi ya walioanza maisha katika hatari kubwa walikua watu wazima wenye kujiweza, na mojawapo ya mambo yaliyowatofautisha na wenzao ni kuwa na mtu mzima thabiti, mara nyingi bibi, jirani au mwalimu, ambaye hakupangwa na mratibu yeyote. Siku nyingine najiuliza kama kazi yangu ni kutengeneza kwa fomu kitu ambacho mtaa uliokuwa mzima ulikifanya bila fomu.

Pamoja na hayo yote ninaendelea, kwa sababu ya vitu ambavyo dodoso hazivioni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na bajeti za miradi hufungwa kwenye siku hiyo ya kuzaliwa kana kwamba maisha nayo yamefungwa. Kijana mmoja, ambaye akiwa darasa la sita tulimpangia mlezi mzee mstaafu aliyekuwa mhasibu wa chama cha msingi cha kahawa, alipata sifuri kidato cha nne. Katika ripoti zetu aliandikwa kuwa hakufanikiwa, na faili likafungwa. Akiwa na miaka 24 alipata pikipiki ya mkataba: unapeleka hesabu kila siku, na muda ukiisha chombo kinakuwa chako. Kabla ya kusaini alimpelekea mzee mkataba ule. Wakausoma pamoja mara mbili, wakakuta kifungu kinachosema kwamba akichelewesha hesabu siku tatu, pikipiki inarudi kwa mwenyewe na fedha zote alizokwisha kulipa zimepotea. Mwenye pikipiki alikataa kukibadili, naye akakataa kusaini. Alisubiri miezi kadhaa akiendesha boda ya mtu kwa siku, hadi akapata mkataba mwingine. Leo vijana wa kijiwe chake humletea karatasi zao, zikiwamo za mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kali, naye huwasomea.

Mzee hakuwahi kumfundisha kusoma mikataba. Katika miaka ile yote walikuwa wakitembea kuelekea Rau, wakila mahindi ya kuchoma na kuzungumza mpira, na mara moja moja hesabu za darasani. Kilichobaki ni kwamba kijana, akikabiliwa na karatasi inayoweza kumfunga, anajua kwamba kuna mtu wa kumpelekea na kwamba mtu huyo hatamcheka. Kama angekuwa na tabia hiyo hata bila mzee, siwezi kuthibitisha. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna mlezi wa miezi mitatu ambaye amewahi kuletewa mkataba miaka sita baada ya faili kufungwa.

Mwenye miezi mitatu, basi, namuomba aingie kwenye kundi la hisabati la Jumamosi, ambako watoto ni wengi, walimu ni kadhaa, na mmoja akiondoka somo linaendelea. Siku ya kwanza anawatajia tarehe ya kuondoka, na tunaiandika ubaoni. Anayetaka mtoto wa peke yake anaahidi mwaka mzima, ananipa jina la mtu atakayenipa habari zake asipopatikana, na anakubali kwamba akilazimika kuondoka ataaga mwenyewe, ana kwa ana, mama akiwapo. Yule bwana wa wiki hii alikasirika, akasema ataangalia. Jumamosi alifika saa tatu kasoro na rula mbili.