Obsidiani na sleti: mawe mawili meusi, asili mbili

Ukiwekewa mezani kipande cha obsidiani na kipande cha sleti, macho yanaweza kukudanganya. Yote mawili ni meusi, yote ni laini, na hakuna lenye chembe zinazoonekana kwa macho matupu. Yavunje, ndipo utakapoyajua.

Obsidiani huvunjika kama kitako cha chupa nene. Ufa hupinda, na pale ulipopita hubaki mawimbi ya mviringo kama mikunjo ya kombe la baharini. Ukiinua ukingo wake mwembamba juani, mwanga hupenya na ule weusi unakuwa rangi ya moshi. Ushike kwa uangalifu, maana makali hayo hushinda ya wembe. Sleti haina tabia hiyo: ukiichokoa ubavuni kwa patasi huachana bamba kwa bamba, kila bamba limenyooka. Ndiyo maana watu wameiezekea nyumba na kuiandikia shuleni.

Obsidiani ni kioo cha volkeno. Hutokana na lava yenye silika (muungano wa silikoni na oksijeni) nyingi, kwa kawaida asilimia 70 au zaidi, na lava ya namna hiyo ni nzito mno, haitiririki kwa urahisi. Atomi zake husogea kwa shida, na ikipoa haraka hazipati nafasi ya kujipanga safu kwa safu zikawa fuwele. Zinaganda palepale zilipo, shaghalabaghala. Pasipo fuwele hakuna mstari dhaifu wa kuuongoza ufa, kwa hiyo ufa hufuata nguvu ya pigo tu na kuacha makali membamba ajabu. Wachonga zana wa kale walilijua jiwe hili vizuri: huko Olorgesailie, Kenya, karibu miaka 300,000 iliyopita, walitumia obsidiani iliyotoka umbali wa makumi ya kilomita.

Sleti ni mwamba geuzi, yaani metamofiki. Ilianza kama tope laini lililotua chini ya maji, likafukiwa, likashikana kuwa jiwe. Baadaye ardhi ilipojikunja kujenga milima, jiwe hilo likabanwa na kupashwa joto la nyuzi mia mbili na kitu za Selsiasi au zaidi, lakini halikuyeyuka. Madini ya mfinyanzi yakageuka kuwa vibamba vidogo vya ulanga (madini ya tabaka nyembamba), vyote vikalala upande mmoja, vikiupa mgandamizo mgongo. Patasi hupita katikati ya vibamba hivyo.

Hapo kwenye kuyeyuka ndipo wengi hukosea. Husikia obsidiani imetoka kwenye moto mkali, wakadhani nayo ni mwamba geuzi. Sivyo. Kilichoyeyuka kisha kikaganda ni mwamba wa moto, hata kikiwa kioo. Mwamba geuzi hubadilika ungali mgumu, madini yakijipanga upya ndani ya jiwe lenyewe, na mara nyingi kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka.

Kioo nacho hakitulii. Polepole obsidiani hunywa maji, na fuwele huanza kuota ndani yake; zile nyota nyeupe zinazofanana na theluji katika baadhi ya vipande ndizo hizo. Kwa sababu hiyo obsidiani ya kale sana ni adimu, ilhali naisi ya Acasta nchini Kanada, mwamba geuzi, ina miaka takriban bilioni 4.