Kipima mionzi chako kinalia? Haya, tuelewane kwanza

Tangu vipima mionzi vya bei nafuu vianze kuuzwa mtandaoni malalamiko yamekuwa mengi kwenye kitengo chetu cha usalama wa mionzi na karibu yote yanafanana, picha ya kioo cha kifaa, namba imezungushiwa wino mwekundu, chini yake "mnafanya nini kuhusu hili?" Tunashukuru wananchi kufuatilia, kwa kweli. Ila jamani, kifaa kulia siyo hatari. Kinalia kwa sababu kinahesabu, na cha kuhesabu kipo kila mahali: ardhini, kwenye tofali, mwilini mwako kuna potasiamu-40, na juu kuna miale ya anga inayotoka mbali kabisa nje ya dunia. Wastani wa dunia nzima ni kama milisiveti 2.4 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili peke yake. Hiyo ndiyo bakigraundi, yaani mionzi iliyopo tayari, na bila kuijua hiyo, namba yako haituambii kitu.

Wanaosema tunaitumia bakigraundi kama kichaka cha kujifichia wamwangalie Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyepewa Nobel ya fizikia 2002. Huyu alianza na miale ya anga akiwa mwanafunzi Milan, akahamia Marekani, na Juni 1962 yeye na wenzake wakarusha roketi usiku kule New Mexico ikiwa na kaunta 3 za Geiger, yaani ukoo uleule wa hicho ulichonunua. Moja ikagoma, mbili zikafanya kazi. Walitaka kuona kama mwezi unatoa eksirei ukipigwa na jua, na roketi ilikaa juu ya angahewa dakika chache tu, lakini ilibidi iende maana eksirei za angani hazifiki huku chini, hewa inazimeza zote. Ishara ikaja kweli, ila haikutoka kwenye mwezi, ilitoka upande wa kundinyota la Nge. Sasa someni hapa vizuri. Kaunta zilikuwa zimewekewa kifaa kingine cha kunasa miale ya anga, vikilia vyote viwili kwa mpigo mmoja hesabu hiyo inatupwa, haiingii kwenye matokeo. Kisha wakapitia maelezo mengine moja moja wakayaondoa ndipo wakasema hiki ni chanzo kipya, ndiyo Scorpius X-1 ya leo. Na pembeni ya hicho chanzo kukabaki eksirei hafifu kutoka kila upande, bakigraundi ya anga yenyewe, ambayo nayo ikawa ugunduzi.

Setilaiti yake ya kutafuta eksirei za angani, iliyoitwa Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Kwa nini huko? Ukirushia karibu na ikweta setilaiti inazunguka juu ya ikweta na inakwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa na sumaku ya dunia. Bakigraundi tena! Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Turudi kwenye malalamiko. Ukitaka tuyapokee, andika aina ya kifaa na tarehe ya cheti cha kalibresheni, yaani cha kuthibitisha kuwa kifaa kinapima sawasawa (cheti, siyo karatasi ya dhamana ya muuzaji). Pima bakigraundi mbali na kitu unachokishuku, halafu pima kitu chenyewe, muda uleule, umbali uleule, dakika 10 siyo sekunde 10. Milio inakuja kwa kubahatisha, ukihesabu 9 inaweza kuyumba kwa 3 hivi bila sababu yoyote, yaani theluthi nzima, ukihesabu 900 inayumba kwa 30 tu, yaani sehemu moja ya thelathini, ndiyo maana tunasisitiza muda. Programu ya simu inayotumia kamera hatuipokei. Tumeshalisema hili.

Kuna wanaoagiza vyanzo vidogo vya mionzi ili "kuhakiki" vifaa vyao. Vipo vinavyosamehewa leseni kwa udogo wake, lakini anayeamua ni mamlaka, siyo muuzaji. Vingine vyote vinatakiwa kibali kabla ya kuingizwa nchini, leseni ya kumiliki, sehemu ya kufungia, daftari la matumizi na kipimo cha kufuta (unapangusa juu yake kisha unapima ulichopangusia) ili kuona kama kinavuja. Ukikutwa nacho bila hayo kinachukuliwa, gharama ya kukisafirisha na kukihifadhi ni yako, na faini au kifungo au vyote viwili vinafuata kwa mujibu wa sheria. Kusema hukujua hakukusaidii.

Ukiokota chuma kizito chenye alama ya mapanga matatu, ile ya kuonya kuhusu mionzi, usikifungue wala usikipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Goiânia, Brazili, mwaka 1987 walifungua kimoja cha mashine ya hospitali, ndani kulikuwa na sesiamu-137, kitu chenye mionzi mikali, inayong'aa buluu, watu wakagawana, 4 wakafa na zaidi ya 100,000 wakapangwa foleni kupimwa. Sogea mbali, zuia wengine, piga simu. Hapo ndipo hatutakuuliza cheti cha kalibresheni.