Mtutu mrefu haupigi mbali zaidi

Anayechagua bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, kwa mashindano ya kulenga visahani vinavyorushwa angani, huambiwa achukue mtutu mrefu kwa sababu "unapiga mbali". Imani hiyo ni ya enzi za baruti nyeusi, iliyoungua polepole. Baruti ya leo huungua karibu yote ikiwa bado sehemu ya nyuma ya mtutu. Inchi moja ya ziada huongeza mita chache tu kwa sekunde, kwenye kasi ya marisau ya takriban mita 400 kwa sekunde.

Faida ya urefu iko mikononi: uzito wa mbele huufanya mtutu uendelee kukifuata kisahani bila kusita. Lakini bunduki hizi zina chumba kirefu cha chuma nyuma ya mtutu, ambamo kufuli hurudi kutema ganda. Kwa hiyo yenye mtutu wa inchi 28 hulingana kwa urefu na ya mitutu miwili ya inchi 32 hivi.

Mimi ningeanza na kitako. Hakikisha bunduki ni tupu, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Jicho likiwa juu ya mstari wa mtutu bila kusogeza shavu, inakufaa.